Mashine Kumi na Sita za Porini

Nilianza uanagenzi nikiwa na miaka arobaini na tisa, na waliocheka walikuwa na haki yao. Mwanagenzi tunayemjua sisi ni kijana wa shati lililopigwa pasi, anayetumwa chai na kuitwa "wewe". Mimi nilikuwa na mvi kidevuni, darasa la tano ambalo sikulimaliza, na goti linalolia nikiinama.

Tena nilikuwa nimefiwa. Mke wangu Raho alifariki mwaka juzi akingoja ambulensi. Ambulensi ilikuwepo, ina mafuta, ina dereva. Siku hiyo ilikuwa imepelekwa kubeba viti vya plastiki kwenye mkutano wa mkubwa mmoja. Viti vilifika salama. Tangu hapo mtu akiniambia kitu fulani kimeharibika, siulizi kimeharibikaje. Nauliza nani anakisimamia.

Shirika lenyewe liko Garissa, nyuma ya soko la mbuzi, na kazi yake ni kuchukua kompyuta zilizochoka, kuzitia masomo ya shule na kuzipeleka mahali ambapo hakuna mtandao wala vitabu. Zinaendeshwa na programu huria. Nilipoelezwa mara ya kwanza maana yake nilidhani ni mtego: programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuipasua tumbo aone matumbo yake, kuinakili na kumpa jirani, bila kumwomba mkubwa yeyote ruhusa. Nchi hii hii? Nikaambiwa ndiyo, nchi hii hii.

Nilikuwa mtu wa jenereta na lango. Halafu wafadhili wakaandika kwamba wanataka mwanagenzi mmoja kutoka kwenye jamii, afundishwe usimamizi wa mifumo. Mkurugenzi wetu, Abdilatif, alibandika tangazo siku moja tu, upande wa ndani wa mlango wa ofisi yake, ili lisomwe na mpwa wake peke yake. Mpwa akapata safari ya Uturuki. Siku ya mwisho ya kutuma jina ikafika na jina hakuna.

"Adeer Alio yupo," akasema Osob, msimamizi wa mifumo, msichana mfupi wa miaka ishirini na sita aliyeniita adeer, yaani ami, na ambaye ulimi wake ungeweza kukata kuni.

"Huyu?" Abdilatif alinitazama kama vile lango limeingia ndani. "Huyu anajua kuwasha jenereta tu."

"Nusu ya kazi yangu ni kuwasha," Osob akasema. "Nusu nyingine ni kuwasha tena."

Nilikubali kwa sababu moja, nayo inaitwa Ugbad. Ni binti yangu, yuko kidato cha nne shule moja huko nje kidogo ya Sangailu, anaishi na bibi yake. Anataka kuwa muuguzi, na uuguzi unataka alama ya kemia. Mwalimu wa kemia alihama Januari. Wakubwa wakasema wa kuchukua nafasi yake yuko njiani, na hiyo njia sijui inapita nchi gani. Kemia yote ya wasichana arobaini ikawa ndani ya mashine yetu moja iliyowekwa pale shuleni. Nikaona afadhali anayeichunga mashine hiyo awe baba wa mtu.

Osob alinifundisha katika chumba cha seva, ile mashine mama ambayo nyingine zote hunyonya kwake. Huko ziliko ziliunganishwa nayo kwa laini nyembamba ya simu, inayotosha kusalimiana lakini haiwezi kubeba masomo. Kiyoyozi kilikuwa kimehamia ofisi ya Mkurugenzi. Seva ilikuwa na feni na dua. Aliniandikia amri tano kwenye daftari: moja ya kuiuliza mashine kama iko hai, moja ya kuiuliza kama imejaa, moja ya kuiuliza inashughulika na nini, moja ya kuiwasha upya. Ya tano ilikuwa ya kufuta, akaizungushia duara jekundu na kuandika USIGUSE.

"Kwa hiyo kazi yenu ni kujuliana hali," nikamwambia. "Uko hai? Umeshiba? Unaumwa wapi? Hii ni kazi ya mchungaji."

"Mimi nilisoma miaka minne kuyajua hayo, adeer."

"Ungekuja kwangu ningekuambia kwa siku moja."

"Ungeniambia kwa siku moja, halafu mwezi mzima ungenieleza serikali ilivyokukosea."

Mwezi mmoja usingetosha.

Mashine zilikuwa thelathini na nane, na baada ya wiki tatu nilizijua tabia. Ile ya Hagadera iliwahi kugongwa na mkokoteni wa punda na inafanya kazi hadi leo, lakini huamka kwa uvivu. Kuna moja ya Fafi inayopenda kulala mchana jua likiwa kali. Ya Sangailu ilikuwa ndiyo bora kuliko zote, haina neno, ukiiuliza inajibu kabla hujamaliza kuuliza. Nilikuwa naiuliza mara kumi kwa siku. Osob aliniambia niache, inatosha mara moja. Nikamwambia hana mtoto.

Sasa nieleze jambo ambalo msomaji wa mbali huenda asilijue. Kwetu sisi mtu haulizwi ana ngamia wangapi. Ukimwuliza atakuambia Alhamdulillahi, wapo wachache, hata kama wamefunika upeo wote wa macho. Kutaja idadi kamili ni kumwita jicho baya kwa jina lake. Na hata usipoamini jicho baya, amini serikali: kila walipokuja kuhesabu, kuna kitu kilichukuliwa baadaye. Marehemu baba, akisikia gari la wahesabuji, alikuwa anawavusha wanyama wazuri ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, na kuacha nyumbani vizee na vilema. Mkubwa anahesabu vilema, anaandika, anaondoka na huruma zake. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Na kila Jumatatu kazi yangu mimi ilikuwa kuandika orodha ya mashine zilizo hai na kuituma makao makuu Nairobi. Osob alisema mashine zingeweza kujiandika zenyewe, lakini Nairobi walitaka iandikwe kwa mkono wa mwanagenzi ili ajifunze. Nilijifunza.

Mwezi wa Juni niliandika thelathini na nane, kweli tupu. Wiki ya pili Abdilatif akaja na ile orodha mkononi, ametia alama ya wino karibu na jina la Bura.

"Hii ya Bura inaonekana iko vizuri."

"Nzuri sana," nikasema, kwa ujinga wa mtu anayesifiwa mtoto.

Baada ya siku tatu mashine ya Bura ilikuwa "imekuja kufanyiwa matengenezo". Baada ya kumi nikaiona kwa macho yangu dukani kwa shemeji yake Abdilatif, karibu na stendi, ikichapisha kadi za harusi. Nilisimama pale mlangoni, ikanitazama, nami nikaitazama. Shemeji akaniuliza kama naoa.

Jumatatu iliyofuata nikazivusha laga. Thelathini na saba zilizobaki nikazigawa: ishirini na moja, zile chakavu, za kuchechemea, za kulala mchana, nikaziacha kwenye orodha. Kumi na sita zilizo nzuri nikaziondoa, Sangailu ikiwa ya kwanza. Kwenye karatasi hazikuwepo. Kwenye shule zao zilikuwepo na zinafundisha. Abdilatif alisoma orodha mpya, akasikitika jinsi mali ya shirika inavyoharibika upesi, akaenda zake bila kutia alama popote. Wallahi siku ile nilijiona msimamizi wa mifumo kweli. Sikumwambia Osob. Siri ya zizi haisemwi hata kwa jirani mwema.

Wiki nane nikaishi hivyo. Naziuliza zote thelathini na saba, zinajibu zote, naandika ishirini na moja.

Jumanne moja ya Septemba simu ikalia, Ugbad, sauti imekauka.

"Aabo, mashine imekufa."

"Umeme wa sola?"

"Sola iko sawa. Imewaka, lakini ndani hamna kitu. Masomo yote hayapo. Kuna maandishi meupe tu."

"Usiiguse."

"Nani aiguse? Tumekaa tunaitazama kama maiti. Aabo, mtihani umebakiza wiki saba."

Nikaiuliza Sangailu. Kimya. Nikaziuliza nyingine kumi na tano za ng'ambo ya laga, moja moja. Kimya. Vilema vyote ishirini na moja vilikuwa hai, vinacheza.

Nilimwita Osob. Alisoma maandishi kwenye seva, akatoa chingamu mdomoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya.

"Adeer, hizi kumi na sita mbona hazimo kwenye orodha tangu Julai?"

Nikamweleza. Baba, laga, jicho, shemeji, kadi za harusi. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kichwa.

"Subhanallah. Adeer Alio, Nairobi walitoa sheria Julai. Mashine isiyoonekana kwenye orodha wiki nane inachukuliwa kuwa imeibiwa. Inaamriwa ijifute yenyewe, ili majina na alama za wanafunzi zisiangukie kwa mwizi. Barua ilitumwa."

"Kwa nani?"

Alielekeza kidevu tu upande wa kiyoyozi. Barua ilikuwa kwenye sanduku la barua pepe la Mkurugenzi pamoja na nyingine elfu nne ambazo hazijafunguliwa.

Nilimlaani Abdilatif kuanzia ukoo wake mpaka viatu. Osob akaningoja nimalize.

"Umemaliza? Haya. Barua ni yake. Mkono ulioziondoa ni wa nani?"

Nikatazama feni.

"Nakala ya masomo iko hapa kwenye seva," akasema, sasa kwa upole. "Diski moja inatosha, mtu akaipeleke Sangailu kwanza, halafu kwenye zile nyingine. Lakini ukiirudisha bila jina kurudi kwenye orodha ya Nairobi, itajifuta tena usiku uo huo. Na jina linarudishwa na mtu mmoja tu. Anaitwa Arbia, wa makao makuu, na anakuja Alhamisi."

"Anakuja kwa nini?"

"Kwa sababu wewe unaandika ishirini na moja," Osob akasema, "na Mkurugenzi kwenye ripoti za wafadhili anaandika sitini."

Nilicheka. Nisamehewe, lakini nilicheka mpaka goti likauma. Sitini! Mimi nilikuwa nazificha zilizopo, yeye alikuwa anazaa zisizokuwepo.

Jumatano Abdilatif aliniita ofisini, mahali ambapo nilikuwa sijawahi kukaribishwa kiti. Baridi ya mle ndani ilikuwa ya kuhifadhi nyama.

"Mzee Alio, kaa. Umekuwa mfanyakazi mzuri. Kesho huyo mama atauliza idadi. Sema sitini. Sema hizo ulizoandika ni za mjini tu, nyingine ziko mbali, hujazifikia. Wewe ni mgeni wa kazi, atakuelewa. Mwisho wa mwezi nakupa kazi ya kudumu, mezani, na jina lako mlangoni."

"Na ya Sangailu?"

"Ya Sangailu imo ndani ya sitini."

"Imekufa."

"Katika sitini iko hai," akasema, na wallahi alisema kwa moyo safi kabisa.

Niliinuka nikaondoka. Nakiri niliitamani ile meza. Lakini nilielewa hesabu yake: nikisema sitini, Sangailu iko hai kwenye karatasi, na kilicho hai hakifufuliwi. Ugbad angeingia kwenye mtihani na maandishi meupe.

Alhamisi Arbia akafika. Nilitegemea mtu wa Nairobi wa viatu virefu. Akaja mama mnene wa makamo, mtandio wa kahawia, kandambili, Kisomali chake cha Wajir kinanguruma. Alikaa, akaweka karatasi mbili mezani, moja yangu, moja ya Mkurugenzi.

"Sitini na ishirini na moja," akasema. "Mmoja wenu anaota. Nani ananiambia?"

"Mwanagenzi huyu bado anajifunza," Abdilatif akawahi. "Kuna zile za upanuzi."

"Upanuzi uko wapi?"

"Uko njiani."

Arbia alimtazama kidogo, kisha akanigeukia mimi. Alinitazama kidevu, kikoi, mikono, kisha akaniita abti, yaani mjomba.

"Wewe ulichunga nini, abti?"

"Ngamia. Na ng'ombe, kabla ya ukame."

"Baba yangu pia. Nilimwuliza mara moja ana ngamia wangapi, akanizaba kofi ambalo nalisikia mpaka leo." Akaigonga karatasi yangu kwa kidole. "Hawa ishirini na moja wote ni vilema. Hakuna mwenye akili anayebaki na vilema peke yake. Hizi ni za nyumbani. Za porini ngapi?"

Sikuwahi kuonwa ndani namna ile tangu Raho afariki. Idadi ilikuwa ulimini, na kila nikifungua kinywa inarudi ndani, kama vile nikiitoa zitakufa na zile zilizobaki. Osob alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono.

"Idadi siwezi kuisema," nikasema. "Naweza kutaja majina."

"Taja."

Nikazitaja. Hagadera, ya Fafi ya kulala mchana, zote za nyumbani, moja baada ya nyingine na tabia zake. Nikavuka laga nikazitaja na zile kumi na sita, nikaanza na Sangailu, na kila moja nikasema: hii ilikuwa nzima, niliificha mimi, ikajifuta kwa sababu niliificha. Arbia alikuwa anachora vistari. Abdilatif alianza kukohoa.

"Thelathini na saba," Arbia akasema nilipofika mwisho.

"Umesema wewe, si mimi. Tena ni thelathini na nane, ukiweka na ile inayochapisha kadi za harusi kwa shemeji yake."

Osob alitoka nje haraka, nikasikia akicheka uani.

Arbia alifungua kompyuta yake hapo hapo akarudisha majina yote kumi na sita, nikiyaona kwa macho yangu yanaingia. Akaifunga.

"Sasa la pili. Umenidanganya wiki nane, abti. Nakuelewa sana, na siwezi kukuacha. Uanagenzi wako umekwisha leo."

"Na huyu wa sitini?"

Alipumua. "Huyu ana mkataba. Atapelekwa semina ya wiki mbili Naivasha, ya kuandika ripoti."

"Hoteli?"

"Hoteli."

Hebu fikiria. Anayepunguza anafukuzwa, anayezidisha anaenda kutazama viboko akila kifungua kinywa. Wala sikushangaa. Ningeshangaa kama ingekuwa vingine, ningedhani nimekufa nikaamkia nchi nyingine.

Abdilatif kabla ya kupanga mizigo alipata nguvu ya mambo mawili. Alikataza gari la shirika kwenda Sangailu, kisha akakataza diski kutoka. "Huyu si mfanyakazi. Mali ya ofisi haitoki na mtu wa nje."

Osob alikwenda kwenye begi lake, akatoa diski iliyo yake mwenyewe, aliyoinunua sokoni, akaichomeka kwenye seva mbele ya macho ya Mkurugenzi.

"Diski ni yangu. Na kilichomo ni programu huria na masomo huria. Leseni inasema mtu yeyote anakili, ampe yeyote. Ukitaka kumzuia, Mkurugenzi, washtaki waliomwandikia ruhusa. Wako wengi, dunia nzima." Akachapisha leseni karatasi tatu, akazikunja, akaniwekea mfukoni. "Daftari lako unalo? Amri ya tano?"

"Siigusi."

Lori lililoshusha mbuzi lilikuwa linarudi tupu upande wa Ijara, njia ya Sangailu. Nilipanda nyuma, diski nimeifunga ndani ya kikoi cha pili, nikapita Bura bila kuangalia, maana najua mashine yake iko wapi. Mchanga ulitukamata mara mbili. Siku ya pili mchana nikashuka kwenye lango la shule nikiwa na harufu ya beberu.

Mwalimu mkuu, Hanad, alinizuia. Ni mtu wa utaratibu.

"Barua ya ofisi?"

"Sina ofisi."

"Basi wewe ni nani? Hii ni mashine ya shirika. Siwezi kumruhusu mtu yeyote tu."

Nikampa karatasi tatu za Kiingereza. Alivaa miwani akasoma, midomo inacheza, akarudia mstari mmoja.

"Hapa wanasema mtu yeyote anaruhusiwa."

"Ndiye mimi," nikasema. "Mtu yeyote."

Alizikunja karatasi, akanionyesha mlango wa darasa.

Ilichukua saa nne. Mara ya kwanza ilikataa, nikafungua daftari nikaona nimeruka mstari. Mara ya pili sola ikashuka, wingu limepita. Wasichana arobaini wamejaa mgongoni mwangu, wengine wamesimama juu ya madawati, na kila mmoja ana ushauri. Mmoja akauliza huyu mzee alisomea wapi kompyuta. "Hakusoma," Ugbad akasema. "Nyamaza afanye." Mara ya tatu nikaiuliza mashine kama iko hai, ikajibu kabla sijamaliza kuuliza. Masomo yakaanza kuingia, kitabu baada ya kitabu, na nilipoona neno kemia likipita nikatoa mikono kwenye kibodi ili nisiharibu.

Nilifikiri nitaambiwa japo neno. Ugbad alikuwa tayari ameshanishika bega.

"Aabo, inuka kwenye kiti. Tumepoteza siku nne."

"Nipumzike kidogo, goti."

"Pumzikia nje. Kule jikoni kuna chai," akasema, na akakaa mahali pangu kabla kiti hakijapoa. "Nyinyi wa nyuma, nani alifika asidi na besi? Hapana, wewe hukufika, wewe ulikuwa unalala. Ramla, soma swali."

Ramla akasoma swali. Nikatoka nje nikafunga mlango polepole, kwa kuwa upepo ulikuwa unaingiza vumbi.